Boliti Sita Kabla ya Usoke

Tairi la nyuma kushoto liliisha upepo kilomita chache kabla ya kufika Usoke, kwenye barabara ya Tabora kwenda Urambo. Ilikuwa Agosti 2019, asubuhi ya baridi kavu, kando ya barabara nyasi zimeshachomwa. Pancha yenyewe haina la kusimuliwa. Nakumbuka zaidi kile kilichokuwa kimeifunika: sahani ya alumini tuliyoitengeneza wenyewe ili gari lipasue hewa vizuri, ambayo dakika ile ilikuwa imesimama kati yetu na nati tano za gurudumu.

Gari lilikuwa Toyota Prius ya kizazi cha pili, zile zilizotoka kuanzia 2003 hadi 2009. Kwa umbo lake ni gari linalopita hewani kwa urahisi, kipimo chake cha ukinzani wa hewa ni 0.26, na hata rimu zake za inchi 15 zilitoka kiwandani zikiwa na vifuniko vya plastiki juu ya alumini. Vifuniko hivyo haviwekwi kwa urembo tu. Gurudumu linalozunguka huvuruga hewa kama pangaboi, na uwazi wa rimu huingiza na kutoa hewa bila mpango. Ukiuziba, hewa hupita ubavuni mwa gari ikiwa imetulia. La kwetu lilifika na vifuniko viwili tu. Badala ya kutafuta vingine, mimi na shemeji tulikata sahani nne za bati la alumini, unene milimita 0.8, kipenyo sentimita 41 ili zifike kwenye ukingo wa rimu bila kugusa tairi. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 300 hivi.

Rimu hatukuitoboa, na hapo tulifanya vema, maana tundu kwenye mkono wa rimu ndipo ufa unapoanzia. Tulipitisha boliti za milimita 6 kwenye nafasi kati ya mikono ya rimu, na kwa nyuma kila boliti ikakutana na kipande cha chuma bapa kinacholala juu ya mikono miwili, halafu nati. Boliti sita kwa kila gurudumu, kwenye duara lenye kipenyo cha sentimita 30. Nati tukachagua zile zenye plastiki ndani, zisizolegea kwa mtikisiko. Juu ya meza ya gereji kazi ilipendeza sana.

Kasoro ilikuwa kwamba kila nati iko nyuma ya rimu. Gurudumu likiwa mezani, unaishika kwa spana. Likiwa kwenye gari, huku ngoma ya breki imejaa nyuma yake, mkono haupiti.

Shemeji alizima gari kabisa, akahakikisha taa ya READY imetoweka. Kwa gari la hybrid, lenye injini ya petroli na mota ya umeme, hiyo ni hatua ya kwanza, si ya kupuuza: taa hiyo ikiwaka, injini inaweza kujiwasha yenyewe wakati wewe uko chini. Gia kwenye P, breki ya maegesho imekanyagwa, jiwe mbele na nyuma ya gurudumu la mbele kulia, yaani lile la mkabala na linalonyanyuliwa. Pembetatu mbili barabarani, na matawi ya miti kuanzia mbali zaidi, maana dereva wa lori la tumbaku huyaona majani mapema kuliko pembetatu. Kisha tukatoa jeki, ubao, spana ya gurudumu. Mpaka hapo dakika tano.

Kanuni ya kubadili tairi ni kulegeza nati za gurudumu kwa nusu mzunguko kabla ya kunyanyua gari, wakati ardhi ingali inalishika gurudumu lisizunguke. Kwa hiyo kifuniko hakina budi kutoka kwanza, gari likiwa chini. Kifuniko cha kiwandani hutoka kwa sekunde kumi: unaingiza ncha bapa ya spana iliyozungushiwa kitambaa kwenye ukingo, unabinya, unahamia upande wa pili, na meno yake ya plastiki yanaachia. Plastiki iliyozeeka hukatika meno asubuhi ya baridi, basi afadhali kuliachia jua lipashe kidogo. Lakini inatoka.

Yetu haikutoka. Shemeji aliweka spana namba 10 kwenye boliti ya kwanza, akazungusha, boliti ikazunguka, na nati nyuma ikazunguka nayo. Plastiki ya ndani ya nati ilikuwa imeishika boliti barabara, na vumbi jekundu lililochanganyika na maji ya kuoshea gari lilikuwa limeganda kwenye uzi wake. Ungezungusha mpaka jioni.

Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa alisimama.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mzee."

Aliegemeza baiskeli kwenye mti wake wa kuegemezea, akachuchumaa, akatazama boliti ikizunguka bure. "Vijana, hiyo nati haina kinachoishika. Ivuteni."

Alikuwa sahihi, na mbinu yake inafaa kukumbukwa na yeyote mwenye nati inayozunguka mahali asipofika. Unaingiza bisibisi bapa chini ya ukingo wa sahani, karibu kabisa na boliti, unaisukuma sahani kuelekea kwako. Kichwa cha boliti kinavutwa nje, nati inabanwa kwenye chuma cha nyuma, na msuguano huo unaishikilia. Wakati huohuo mtu wa pili anafungua taratibu. Ukifungua kwa pupa nati inateleza na unaanza upya. Mzee alishika bisibisi, shemeji spana, na boliti ya kwanza ikatoka kwa dakika nne. Ya pili, pembeni yake, vivyo hivyo. Ya tatu ilichukua zaidi.

Ya nne ilikataa. Pembe za nati zilikuwa zimekula chuma cha nyuma na haikubanwa tena kwa namna yoyote.

Hapo ndipo mpangilio wa boliti ulituokoa, ingawa hatukuupanga kwa nia hiyo. Boliti tatu zilizobaki zilikuwa zimefuatana upande mmoja wa duara. Ukivuta mstari kutoka ya kwanza hadi ya mwisho kati ya hizo, unapita sentimita 7.5 kutoka katikati ya gurudumu. Nati za gurudumu la Prius ziko kwenye duara lenye kipenyo cha sentimita 10, yaani sentimita 5 tu kutoka katikati. Tukaikunja sahani kwa nje kwenye mstari huo kama mfuniko wa kopo la samaki, na nati zote tano zikaonekana. Soketi ya milimita 21 iliingia kwenye nati ya mwisho ikikwaruza mkunjo, lakini iliingia. Kama boliti zilizokataa zingekuwa zimetawanyika, moja huku na nyingine kule, tungebaki kupasua bati kwa patasi tusiyokuwa nayo.

Baada ya hapo kazi ikawa ya kawaida. Bega la barabara lilikuwa changarawe laini, kwa hiyo jeki ya mkasi ilisimama juu ya ubao wa mninga, sentimita 30 kwa 30. Bila ubao, jeki huzama upande mmoja na kuinama. Sehemu ya kuiweka ni kwenye ukingo wa chini wa bodi, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, palipo na alama mbili za kukatwa. Si chini ya sakafu, si chini ya plastiki. Gurudumu lilipotoka na sahani yake ikining'inia, mambo yalikuwa ya kuchekesha: nati tatu zilizotusumbua zilikuwa wazi kwa nyuma, na mzee alizishika kwa koleo lake la baiskeli, moja baada ya nyingine, hazikuchukua hata dakika tatu.

Spea ya gari hilo ni ile nyembamba, inayojazwa upepo wa psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na haipaswi kupita kilomita 80 kwa saa. Watu wengi huisahau miaka na kuikuta imelegea. Yetu ilikuwa na 48; tukaijaza kwa pampu ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari. Nati tulizikaza kwa mtindo wa nyota, kwanza kwa mkono, kisha gari likiwa limeshuka. Kiwango chake cha kukaza ni nyutoni-mita (Nm) 103. Kwa spana yenye mkono wa sentimita 30 hiyo ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo 35 mwishoni mwake. Kusimama na kurukia spana, kama wengi wanavyofanya, kunavuta uzi wa boliti, na mtu atakayefuata kuifungua atakulaani.

Jumla dakika 55. Bila sahani ile, kumi na tano.

Urambo, fundi pancha alipolifungua tairi, alimimina kutoka ndani unga mweusi wa mpira, konzi nzima. Tundu lenyewe lilikuwa la parafujo ndogo katikati ya uso wa tairi, la kuzibwa kwa bei ya chai. Ila tairi lilikuwa limeendeshwa na upepo mdogo kwa muda mrefu, kuta zake zikijikunja kila mzunguko, zikipata moto, zikijisaga zenyewe. Tairi la namna hiyo halizibwi. Sababu ilikuwa dhahiri, na inaniudhi mpaka leo: sahani haikuwa na tundu la valvu. Kupima upepo kulihitaji kufungua boliti sita, basi hatukupima. Tulihangaikia upepo wa nje tukausahau wa ndani.

Na huo wa nje wenyewe? Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Kwenye 50, mwendo unaotakiwa katika kila kijiji kati ya Tabora na Urambo, haufiki hata theluthi ya ule wa kwenye 90. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi. Toa matuta, toa ng'ombe wanaovuka, toa lori usiloweza kulipita. Daftari letu la mafuta halikuonyesha tofauti yoyote ambayo kiyoyozi au gunia moja la mchele visingeweza kuifuta. Kwa anayekimbia 100 siku nzima hesabu ni nyingine.

Hata hivyo hatukuzitupa sahani hizo. Zile nne tulizitengeneza upya wiki iliyofuata. Nati zilichomelewa kwenye vyuma vya nyuma ili zisizunguke tena. Boliti zikawa tatu badala ya sita, zenye kichwa cha 21 kilichochomelewa juu yake, ili spana ileile ya gurudumu izifungue na hakuna kifaa cha ziada cha kusahau nyumbani. Tundu la milimita 25 mbele ya valvu, linalopitisha kichwa cha pampu. Matundu madogo manne karibu na ukingo, maji na matope yatoke. Kabla ya hapo udongo ulikuwa unaganda ndani upande mmoja na usukani ukitetemeka kwenye 80, tukadhani ni balansi. Kwenye magurudumu ya mbele tuliongeza uwazi kuzunguka katikati kwa ajili ya joto la diski za breki. Ya nyuma yalibaki yamezibwa.

Jaribio la mwisho tulilifanya uani, usiku, taa zimezimwa, na matope yamepakwa kwenye boliti makusudi. Shemeji alitoa sahani moja kwa sekunde 40, akalalamika kwamba hata hizo ni nyingi. Ile yenye mkunjo tuliigonga kwa nyundo ya mbao ikanyooka kiasi, ikarudi palepale nyuma kushoto, na gari likipita 70 inapiga mluzi mwembamba ambao abiria huuliza unatoka wapi.