Umejuaje limesimama?

Juzi binti yangu alifungua kichupa cha arki ya lozi ili atie kwenye keki, na kwa harufu ile mimi nikawa tena Shangani, Mtwara, pamoja na mjomba.

Ilikuwa likizo ya chuo. Mjomba, fundi rangi tangu ujana wake, alipitisha kiganja kwenye ukuta unaopigwa na jua, kikatoka cheupe kama cha mwalimu aliyefuta ubao. "Jua likianza kula rangi, mwanangu, haliachi."

Nikamweleza kwamba unga ule ni titani dioksidi, weupe wa karibu kila kopo la rangi nyeupe. Ni nusu-kipitishi, yaani hupitisha umeme kidogo tu. Miale ya urujuanimno ikiigonga, elektroni inaruka na kuacha tundu, na tundu hilo hupora elektroni kwa chochote kilicho jirani. Penye unyevu wa bahari huzaliwa radikali, vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenza, zinazotafuna gundi ya rangi bila kuchagua. Wanasayansi wa Kijapani Fujishima na Honda walionyesha mwaka 1972 kwamba hata maji yanapasuliwa hivyo.

Mimi nilitaka unga uleule uchague. Alkoholi ya benzili ikipokonywa hidrojeni mbili huwa benzaldehidi, yenye harufu ya lozi. Isiposimama hapo huwa asidi benzoiki, na mwishowe kaboni dioksidi na maji. Ndiyo maana sikutia maji hata tone: nilizikimbia zile radikali.

Tulianika chupa mbili za alkoholi hiyo na unga juu ya sakafu ya saruji, moja nimeizungushia foili. Mjomba alizitikisa kila alipopita, unga usituame. Alasiri nilifungua ya foili: karibu hakuna harufu. Nikafungua ya pili. Mjomba alinitangulia, akainamisha kichwa, akafumba macho, akavuta pumzi polepole. Juu ya mdomo wa chupa kulikuwa na ukungu mwembamba wa jasho la joto, na kidole chake chenye rangi ya bluu iliyokauka kwenye kucha kilikuwa kimeishika shingo ya chupa kama vile itakimbia. "Lozi," akasema. Mimi mwili ulinisisimka. Kisha akaniuliza, "Umejuaje limesimama? Labda limeshapita, na hiyo ya mbele haina harufu."

Alikuwa sahihi: asidi benzoiki pua haiijui. Nikabeba sampuli hadi Dar. Mashine ikaonyesha benzaldehidi, asidi kiduchu sana. Nikampigia simu nikamwambia unga unajua kuacha.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, wakachapisha kwamba alkoholi ya benzili iliyobaki ndiyo huizuia benzaldehidi isioksidishwe na hewa, kwa kuzinasa radikali njiani. Na mle chupani alkoholi ilibaki tele. Basi aliyesimamisha ni unga, au ni ile alkoholi ambayo jua halikuwahi kuifikia? Mjomba hayupo tena wa kumpigia. Nadhani ni vyote viwili, ila kipi zaidi, bado sijapima.