Msamaha wa sheria hauondoi daftari

Juma lililopita, hapa Kisumu, kijana anayejifunza kazi ya famasia aliniuliza kwa nini hospitali ya umma haibanwi na masharti yote ya sumu, yaani dawa kali ambazo sheria huziita hivyo, anayowekewa mwenye duka la dawa. Nilimjibu kwa haraka, na jibu lenyewe halikuniridhisha.

Sheria ya Kenya ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ilianza kutumika mwaka 1957, na mizizi yake imo katika sheria ya Uingereza ya 1933. Shabaha yake kuu ni biashara: nani auze sumu, amuuzie nani, na mnunuzi atie sahihi wapi kabla ya kukabidhiwa. Hospitali haiuzi kama duka linavyouza. Muuguzi anayemchoma mgonjwa sindano ya maumivu usiku wa manane hawezi kumtaka aandike jina na anwani katika daftari la sumu kwanza. Ndiyo maana sheria za namna hii huzipa nafasi ya pekee hospitali, zahanati, na taasisi za elimu ya sayansi na utafiti, mradi dawa itolewe kwa maagizo ya daktari na kumbukumbu ziwepo. Sharti hilo la mwisho ndilo husahaulika.

Nililiona hilo nikiwa mgeni kazini, katika hospitali ndogo ya umma upande wa Vihiga. Tulikuwa na kabati la DDA la kufungia dawa kali, jina ambalo wahudumu wa afya bado hulitumia ingawa Sheria ya Dawa za Hatari (kwa Kiingereza Dangerous Drugs Act) iliyolizaa ilibadilishwa na ile ya mihadarati ya mwaka 1994. Daftari lilionyesha ampuli (vichupa vya sindano) kumi na mbili za pethidini, dawa kali ya maumivu. Nilipohesabu, zilikuwa tisa. Nilimwendea msimamizi, naye akanijibu kwa upole, "Kijana wangu, sisi ni serikali. Mambo ya madaftari ni ya wenye maduka."

Sikuwa na ujasiri wa kumpinga, na hilo linanisikitisha hadi leo. Sista wa zamu ndiye aliyenisaidia kupekua mafaili ya wodi ya uzazi, tukagundua kwamba mama mmoja aliyekuwa na uchungu alidungwa ampuli mbili kwa saa tofauti usiku mmoja kabla ya hapo, kwa maagizo yaliyoandikwa vizuri kabisa. Hazikuingizwa daftarini kwa kuwa usiku huo daftari lilikuwa limefungiwa ofisini, na mwenye ufunguo alikuwa likizoni.

Tangu siku hiyo daftari lilikaa ndani ya kabati lenyewe, likifungwa kwa kamba kwenye rafu. Kila makabidhiano ya zamu yalikuwa na sahihi mbili, na ampuli mpya haikutolewa mpaka ile tupu irudishwe. Hakuna kifungu cha msamaha kilichotuzuia kufanya hivyo tangu mwanzo. Ampuli ya tatu hatukuipata.