Siku Moja Maishani Mwangu: Mpangaji wa Dharura za Mionzi, Pennsylvania

Saa 11 alfajiri. Kabla ya chai nasoma upepo, kwa maana katika kazi hii upepo ndio unaoamua nani aondoke kwanza. Upepo wa leo, hata hivyo, ni wa kuandikwa: watunzi wa mazoezi wameuelekeza kaskazini-mashariki, ingawa nje hata jani halitikisiki. Ninafanya kazi ya kupanga dharura za mionzi katika serikali ya jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, na leo tunapimwa juu ya kituo cha Peach Bottom, chenye vinu viwili vya nyuklia kando ya mto Susquehanna, karibu na mpaka wa Maryland. Kila baada ya miaka miwili tunafanya mazoezi haya mbele ya wakaguzi wa FEMA, idara ya dharura ya serikali kuu.

Saa 2:30 asubuhi. Nimepangwa katika kituo cha uratibu cha kaunti ya Lancaster, na simu inaita. “Haya ni mazoezi,” anaanza msemaji, kisha anatangaza tahadhari, daraja la pili kati ya manne. Tangu daraja litangazwe, kituo cha umeme kina dakika 15 tu za kuwajulisha wenye mamlaka nje ya uzio, na baada ya hapo kazi yake ni kupendekeza. Kuamuru watu wahame au wajifungie ndani ni juu ya serikali ya jimbo. Utaratibu huu tuliununua kwa gharama kubwa. Ajali ya Three Mile Island, kituo kingine cha nyuklia cha jimbo hili, ilitokea tarehe 28 Machi 1979, na siku mbili baadaye Gavana Dick Thornburgh aliwashauri wajawazito na watoto wadogo waliokuwa ndani ya maili 5 waondoke. Watu wapatao 140,000 wakafunga safari, wengi wao wakiwa hawakutajwa kabisa katika ushauri huo, kwa sababu tangu asubuhi walikuwa wamesikia taarifa zinazopingana na hawakujua wamwamini nani.

Saa 4:30. Natoka kuwafuata wapimaji wa mionzi, ambao wameegesha gari kando ya shamba la mahindi. Mmoja anawasha pampu inayovuta hewa kupitia kichujio cha karatasi na kikopo kidogo cha zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana, iliyotiwa madini ya fedha ili inase iodini ya mionzi. Mkaa ungeweza kuinasa iodini vilevile, lakini ungenasa pia gesi za zenoni na kriptoni, na hesabu ya iodini ingeonekana kubwa kuliko ilivyo; zeolaiti huziachia gesi hizo zipite. Kijana anakitoa kikopo kwa koleo, anakitia katika mfuko wa plastiki, anaandika saa na mahali, kisha anabadilisha glavu kabla ya kugusa mlango wa gari. Mkaguzi anayemtazama haandiki chochote, na kwa kawaida hiyo ni dalili njema.

Saa 6 mchana. Dharura imepandishwa hadi daraja la juu kabisa. Ving'ora vimewekwa katika eneo la maili 10, yaani kilomita 16, lakini Waamishi wengi wa huku, Wakristo wanaojiepusha na teknolojia nyingi za kisasa, hawana redio wala runinga nyumbani, kwa hiyo magari ya zimamoto hupita njia kwa njia yakitangaza kwa vipaza sauti. Bado kuna ng'ombe. Mpango wa chakula na maziwa unafika maili 50, na agizo letu kwa wafugaji ni kuwaingiza ng'ombe zizini na kuwalisha malisho yaliyohifadhiwa, kwani iodini iliyotua juu ya nyasi huingia katika maziwa, na maziwa huwafikia watoto.

Saa 8. Kituo cha mapokezi kimefunguliwa katika shule. Mama mmoja Mkongo, mkalimani wa kujitolea, ananivuta pembeni. “Mwanangu, sisi kwetu tukisikia king'ora tunakimbia. Huku nasikia niingie ndani?” Namjibu, “Ndiyo, Mama. Ingia, funga madirisha, washa redio, ungoje uambiwe.” Anauliza pia juu ya vidonge vya iodidi ya potasiamu, ambavyo jimbo huwagawia bure wakazi wa maili 10. Namweleza kwamba vinakinga tezi ya shingo peke yake, na havizuii sesiamu, kitu kingine chenye mionzi, hata kidogo.

Saa 10. Kikao cha mtandaoni kuhusu vinu vijavyo. Kinu cha kwanza cha Three Mile Island, kilichofungwa mwaka 2019 kwa sababu za kiuchumi, kinaandaliwa kuwashwa upya kwa jina la Crane. Microsoft ilikubali mwaka 2024 kununua umeme wake, megawati 835, kwa miaka 20. Kwa kinu hicho tunaujua mzigo: mpango wa nje ya uzio lazima ufufuliwe. Vinu vidogo ndivyo vinavyonisumbua. Kanuni ya tume ya nyuklia ya mwaka 2023 inaruhusu eneo la dharura lipimwe kwa dozi ya mionzi iliyokokotolewa, na huenda likaishia kwenye uzio. Kifizikia sina ubishi, kwa kuwa mafuta ni machache na joto lake hupoa kwa urahisi zaidi. Lakini hapa kwetu, sheria ya jimbo ya mwaka 1984 huwatoza wenye vinu ada inayogharimia maandalizi haya. Zimamoto wa kujitolea, pampu na yule kijana mwenye koleo hawasimami bila fedha hizo, ilhali wao wao ndio watakaoitwa lori lililobeba vifaa vya mionzi vya hospitali likipinduka. Naomba kumbukumbu za kikao zionyeshe swali langu: ada ya vinu vidogo itakuwa kiasi gani, na kaunti ipi italipwa? Limeandikwa kuwa ajenda ya kikao kijacho.