Ninavyosoma taarifa za AWOS na ASOS kabla ya kutua

Naruka Marekani, mara nyingi kwenye viwanja vidogo visivyo na mnara wa kuongozea ndege. Hali ya hewa huko naipata kwa mashine, AWOS au ASOS, inayosoma vihisi vyake na kutangaza redioni, ikitoa vipimo vipya kila dakika. Vituo vingi vina pia namba ya simu, kwa hiyo mara ya kwanza nasikiliza nikiwa bado nyumbani.

Ninachokichunguza zaidi ni mawingu. Leza ya ASOS inatazama juu wima na kupima kile tu kinachopita juu yake, hadi futi 12,000. Kompyuta huchanganya vipimo vya dakika 30, na zile 10 za mwisho huhesabiwa mara mbili. Wingu likifunika uwanja ghafla, baada ya dakika mbili hivi mashine itataja mawingu yaliyotawanyika tu. Kutaja dari, yaani tabaka la mawingu linalofunika zaidi ya nusu ya anga, kunaweza kuchukua karibu dakika 10. Kwa sababu hiyo siamini tangazo moja. Nikibakiza maili 25 naandika urefu wa mawingu na saa, nasikiliza tena baada ya dakika tano, na urefu ukiwa umeshuka naandaa uwanja mwingine mapema. CLR, alama ya kwamba mashine haikuona wingu, nayo haimaanishi anga safi: juu ya futi 12,000 mawingu yanaweza kujaa tele.

Mwonekano hupimwa kwenye hewa kidogo mbele ya kihisi, ujazo wake kama ndoo ya lita 20. Ukungu ukilala upande wa pili wa njia ya kurukia, mashine bado itasema maili 10. Nikiona 08/07 alfajiri, joto na kiwango cha umande vikiwa vimekaribiana hivyo na upepo umetulia, nahesabu ukungu uko njiani.

Mwelekeo wa upepo unaotangazwa redioni hufuata dira. Wa METAR, taarifa ya hali ya hewa ya uwanja iliyoandikwa kwa vifupisho, hufuata kaskazini ya kweli. Karibu na Seattle tofauti ni kama nyuzi 15, kwa hiyo nyuzi 240 za METAR ni takriban 225 kwenye dira. Wengi hukosea hapa wanapokokotoa upepo wa ubavuni.

Mwisho wa mstari wa METAR usiuruke. AO1 ni kituo kisicho na kihisi cha kutofautisha mvua na theluji, AO2 kinacho. Ukikuta PWINO, kihisi hicho hakifanyi kazi, basi mvua isipotajwa usidhani haipo. TSNO ni vivyo hivyo kwa radi. Alama ya $ inasema kituo kinahitaji fundi. Hapo nalinganisha kipimo cha altimita (shinikizo la hewa la kurekebishia kipima urefu wa ndege) na cha uwanja jirani, maana kosa la inchi 0.10 za zebaki ni karibu futi 100.