Shekhar Mehta, bingwa wa ng'ambo ya ziwa letu

Hapa Mwanza, mazungumzo ya mbio za magari yakianza, majina yanayotajwa ni ya madereva wa Ulaya tunaowaona kwenye televisheni, nami husikitika kwamba Shekhar Mehta hatajwi, ilhali alizaliwa Uganda mwaka 1945, ng'ambo ya ziwa hili hili, na mpaka leo hakuna aliyemzidi kwa idadi ya ushindi wa Safari Rally, mbio za magari za Kenya.

Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, Mehta alihamia Kenya. Pasaka iliyofuata, akiendesha Datsun 240Z pamoja na Lofty Drews, mwongozaji wake aliyekaa kando yake kumwelekeza njia, alimaliza Safari akiwa na alama za adhabu sawasawa na Harry Källström wa Sweden, na kanuni ya kuamua sare ikampa yeye ushindi. Kisha akashinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, miaka minne mfululizo, akiwa na mwongozaji Mike Doughty.

Ili kuuelewa uzito wa jambo hilo, ni lazima tukumbuke Safari ya zama zile ilivyokuwa: maelfu ya kilomita katika barabara za kawaida ambazo hazikufungwa, zenye malori, ng'ombe na watoto wa shule, katika msimu wa masika, huku kila dakika ya kuchelewa kituoni ikihesabiwa kuwa adhabu. Aliyewahi kupita kwenye udongo mweusi wa mbuga huku Usukumani mvua ikiwa imenyesha anajua kwamba pale nguvu ya injini haisaidii kitu, na kwamba dereva anayekanyaga mafuta kwa hasira ndiye anayezama kwanza. Kwa maoni yangu, hapo ndipo Mehta alipowashinda wageni waliokuwa na kasi kuliko yeye: alijua mahali pa kukimbia na mahali pa kulitunza gari, na hekima hiyo ni adimu kuliko ujasiri.

Mwaka 1987 aliumia vibaya katika mbio za jangwani nchini Misri. Baada ya hapo aliutumikia mchezo huu katika uongozi wa FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari. Alifariki London mwaka 2006, wakati Safari ikiwa nje ya ratiba ya ubingwa wa dunia. Iliporejea mwaka 2021, kule Naivasha, hakuwepo kuishuhudia.