Nilivyompeleka Mama kutembea Malawi

Kwetu Tukuyu, mama wa umri wa mama yangu husafiri kwa msiba, harusi au matibabu. Kusafiri ili kuona tu, tena nje ya nchi, wengi wanasema ni anasa. Mimi sikubali. Mtu aliyetusomesha kwa ndizi na chai anastahili kutembezwa akiwa bado ana nguvu. Mgao wangu wa kikoba ulipotoka, niliutenga wote kwa safari yetu sisi wawili.

Kilichochukua muda ni pasi yake ya kusafiria. Uhamiaji wanataka cheti cha kuzaliwa, na yeye hakuwahi kuwa nacho. Alikuwa na cheti cha ubatizo cha Moravian, kimekunjwa ndani ya Biblia miaka yote, kimeanza kuchanika kwenye mikunjo. Kwa hicho RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wakampa cheti cha kuzaliwa, ndipo tukalipia pasi, shilingi 150,000. Mwenye mzazi kama wangu aanzie hapo kabla hajawaza nauli.

Mpakani Kasumulu hatukudaiwa viza. Tulibadilisha hela kuwa kwacha, tukarudisha saa nyuma kwa saa moja, tukavuka Mto Songwe. Lugha haikunitia shaka, maana Wangonde wa Karonga ni ndugu zetu sisi Wanyakyusa. Mama alimsalimia muuza samaki kwa Kinyakyusa, akajibiwa kwa Kingonde, wakaanza kuulizana koo. Nikawaacha waongee.

Pale Karonga kuna makumbusho yenye umbo zima la mifupa ya Malawisaurus, dinosaria aliyepatikana katika wilaya hiyo hiyo. Mama alisimama chini ya ile shingo ndefu, akauliza, "Sisi wa kwetu yuko wapi?" Nikamwambia ukweli: yule mkubwa wa Tendaguru, Lindi, Wajerumani walimchimbua kati ya 1909 na 1913, na mpaka leo yuko Berlin. Ilimuuma. Na mimi inaniuma.

Nilichokitaka hasa ni Livingstonia, mji wa misheni ya zamani juu milimani. Kutoka Chitimba, kando ya Ziwa Nyasa, barabara inapanda kona juu ya kona, na wengi hupanda matola, yaani pikapu za abiria na mizigo. Mama magoti yanamsumbua, kwa hiyo niliongea na dereva mapema, nikamlipia kiti cha mbele. Mimi nikakaa nyuma na magunia.

Wamisionari wa Kiskoti walianzia Cape Maclear mwaka 1875, malaria ikawaua baadhi yao, wakahamia Bandawe, hadi mwaka 1894 Dkt. Robert Laws alipoihamishia misheni huku milimani. Mama hakuhitaji maelezo marefu. Wamoravian nao walijenga kwetu Rungwe, mlimani, mwaka 1891. Kanisani kuna dirisha la vioo vya rangi lenye David Livingstone na wenzake wawili, ziwa likiwa nyuma yao. Mama hakumjali sana Livingstone. Alimuuliza aliyetufungulia mlango, "Na hawa waliofuatana naye ni watoto wa nani?" Katika safari nzima sikusikia swali zuri kuliko hilo.

Tulilala Stone House, nyumba ya mawe aliyoishi Dkt. Laws, ambayo sasa ni makumbusho na nyumba ya wageni. Asubuhi mawingu yalipoondoka, ziwa lote likawa chini yetu, na ng'ambo yake Milima ya Livingstone, upande wa Ludewa. "Kumbe ndivyo wanavyotuona!" Mama alisema, akakataa kuingia ndani kunywa chai, nikamletea kikombe barazani. Maporomoko ya Manchewe tuliyaangalia kutoka juu, kwa sababu njia ya kushuka ni ya wenye magoti mazima.

Sasa anaitaka Likoma. Amesikia kuna kanisa kuu la Waanglikana kisiwani, kubwa ajabu kwa kisiwa kidogo vile, na hana woga wa meli. Mzunguko mpya wa kikoba umeanza, na hisa zangu nimeongeza.