Mita 60 na choo

Tangu Jumanne sauti ya yule bibi haijanitoka. Nikichambua mboga ipo, nikiwa juu ya bodaboda ipo.

Ni kile kikao cha mpango wa kuhifadhi bonde la mto Luiche, huku Kigoma, mnakijua, nilishawachosha nacho. Mtaalamu alikuja na ramani ameshaichora, na karatasi ya mahudhurio ikaanza kuzunguka hata maombi hayajasomwa. Juu imeandikwa "wananchi wameridhia". Ilipomfikia bibi, akanisogezea.

"Nisomee, mwanangu."

Nikasoma.

"Nimeridhia nini?"

"Hifadhi, bibi. Tusilime ndani ya mita 60 kutoka mtoni."

"Mita 60 ni shamba langu lote na choo." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Na haya nimeyasema saa ngapi?"

Saa ngapi! Usiku nalala namjibu: bibi, ndivyo ilivyo kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004, mimi ni bibi shamba tu. Halafu namsikia ananyamaza vilevile. Maana sheria haikudai kwamba ameridhia, ni karatasi yetu. Na lile "mwanangu" mpaka sasa sijui lilikuwa la upole au la kunihurumia.

(Barua ya uhamisho ya Baba Neema imetoka. Sumbawanga. Tutaongea.)

Alhamisi nikamfuata nyumbani, bila ramani. Hakunipeleka mtoni, akanipandisha mlimani mpaka barabarani, kwenye kalavati. Maji yote ya barabara yanamwagwa pale, juu ya mashamba ya watu. Korongo limepasua mihogo ya jirani yake, ukiingia linakufika kiunoni, mizizi inaning'inia hewani. Tope lote hilo ndilo linaloshukia Luiche, kisha ziwani.

"Mnanitoa mimi chini, maji mnayaacha huku."

Kumbe na majirani walishakubaliana wapi pachimbwe matuta, na juu yake wapande majani ya mabingobingo. Nikamtajia nyasi ya vetiva, inashika udongo vizuri. "Mbuzi anaila?" Nikasema haipendi sana. "Basi tutaing'oa."

Niliteremka nacheka peke yangu, waliopishana nami sijui walifikiri nini. Kalavati nimeshalichora kwenye ramani kwa kalamu ya wino, tena kubwa. Jumatatu mtaalamu atalikuta, na ile karatasi tunaanza upya, baada ya kikao safari hii.

Ila Neema yuko darasa la saba. Nani anahamisha mtoto wa darasa la saba?